Sahani za Shangazi Zena Chini ya Bati

Acheni nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Enzi za Mwingereza, hapa Singida mjini, Shangazi Zena alikwenda Kondoa kumuuguza binti yake. Akaniachia sahani zake za santuri, ukumbusho wa marehemu mumewe.

"Ziweke mbali na joto, mwanangu."

"Sawa, shangazi."

Kwangu mimi, joto lilikuwa jiko tu. Basi nikazipandisha juu ya ukuta wa sebule, karibu kugusa bati la paa, nikajisifu kwa akili zangu.

Aliporudi, majirani walijaa kumpokea. Akaweka sahani ya kwanza kwenye santuri. Sindano ikapanda na kushuka, mwimbaji akalia kama mbuzi. Sahani zote zilikuwa zimejikunja kama ungo.

"Nani kaziharibu?" akauliza mzee mmoja kwa ukali.

Shangazi alitazama bati lililochomwa na jua mchana kutwa, akanitazama mimi, machozi yakimlengalenga.

"Ni mimi, baba. Niliziacha vibaya."

Nikamshukuru kimoyomoyo. Sikuwahi kusitiriwa hivyo na mtu niliyemkosea. Nikapiga magoti mbele ya wote.

"Shangazi ananisitiri, jamani. Niliyeziweka juu kule ni mimi."