Nani Amemwambia Mama Yake?

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, lori la tumbaku lilikuwa limepinduka njia ya Sikonge. Nilikuwa kijana wa darasa la saba, nimeokota Kiingereza kwa Wazungu wa misheni, na kazi yangu ilikuwa kumtafsiria Bwana Martin, mwandishi wa habari kutoka Uingereza. Mara ya kwanza alikuja Tabora kwa ajili ya gazeti, kuandika juu ya njia ya zamani ya misafara. Safari hii alikuwa mtu wa redio, na habari zake zilisomwa kwa Kiswahili pia.

Hospitalini nililiona jina la marehemu: Saidi, kijana wa mtaani kwetu Ng'ambo. Bwana Martin aliuliza kama familia imeambiwa. Nikasema imeambiwa. Sikuwa nimemuuliza mtu. Nilitaka habari ya mji wetu isomwe siku hiyo hiyo, nami nijisifu barazani kwamba nimeitoa mimi. Akapiga simu, jina likaenda.

Unajua kwetu habari ya kifo haitupwi. Wanatumwa watu wazima wawili, wanabisha hodi, wanakaa, wanaomba maji. Wanasema kwanza kijana anaumwa, kisha kwamba hali si nzuri, na wakati huo majirani wanawake wameshasogea uani. Watu hao walikuwa bado wanatafutana msikitini redio iliposoma jina. Mama Saidi alikuwa peke yake, anachambua mchele, redio iko dirishani.

Kesho yake Bwana Martin aliambiwa jinsi Mama Saidi alivyosikia. Hakunikaripia. Alisema twende. Tulimkuta Mama Saidi mkekani, nikampa shikamoo, akaitikia kwa sauti ndogo. Bwana Martin alivua viatu, akaketi chini, akasema kwa Kiingereza, nami nikatafsiri: "Mama, anasema kosa ni lake. Alipaswa kuuliza mara ya pili."

Mama Saidi alimtazama yeye, kisha akanitazama mimi. "Mwambie, baba, nimemsamehe. Ila mchele ule sijui niliufanya nini. Asubuhi hii nimekuta punje hadi kitandani."

Nilitafsiri yote hayo, mwanangu, la kwangu nikalimeza. Njiani Bwana Martin aliniuliza kama nilijua hawajaambiwa. Nikaongeza mwendo.

"Siku ukiweza, mwambie mwenyewe," alisema. "Mimi nimesema langu."

Sikuweza. Miaka mingi nilimpelekea Mama Saidi futari kila Ramadhani, nikanywa chai yake, na mwishowe nikabeba jeneza lake begani nikiwa sijasema.

Bwana Martin alistaafu redioni, lakini kazi haikumtoka. Uzeeni alikuwa akiandika kwenye mtandao, na alinipigia simu kuuliza habari za huku. Palipo na kifo, swali lake lilikuwa lile lile: "Nani amemwambia mama yake?" Hakuridhika na kuambiwa kwamba wanajua. Alitaka jina la aliyekwenda.

Mwezi uliopita binti yake alinipigia simu. Aliuliza kama nimeketi, kama kuna mtu karibu. Mke wangu akatoka jikoni, akasimama mlangoni. Binti akasema baba yake alikuwa anaumwa. Kisha akasema hali ilikuwa mbaya. Hapo nikajua. Baba yake alikuwa amemwagiza asiandike neno mtandaoni kabla sijaambiwa kwa mdomo, na niambiwe polepole, kama wanavyoambiwa watu wa Tabora.

Nililia, na nusu ya kilio kile ilikuwa ya Mama Saidi.

Mwanangu, una simu mkononi, na jina la marehemu linakufikia kabla maiti haijaoshwa. Usilitume. Uliza nani amemwambia mama yake, na kama hakuna, vaa viatu uende wewe. Na ukikosea, sema wakati uliyemkosea bado anakusikia. Mimi nilichelewa, nimebaki kukwambia wewe.

Mungu akupe ulimi mzito kwenye msiba wa watu, na mwepesi kwenye kosa lako. Na siku yako itakapofika, wanao waambiwe na mtu aliyeketi nao mkekani. Amina.