Bobini Aliyobadilishiwa Védaste

Védaste alikuwa mkata miti wa Kalembe, pale Masisi inapoishia na Walikale kuanza. Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa alipofunga virago, miaka michache baada ya uhuru, alimwachia tronsoneze, ile mashine ya kukatia miti kwa mnyororo. Tangu hapo watu wakamfuata kutoka Mweso hadi Buleusa wakitaka mbao za nyumba.

Msimu mmoja mashine ikaanza kukohoa. Akaipeleka kwa Léonard, fundi na rafiki yake, aliyemsimamia binti yake Colette kwenye ubatizo. Léonard akasema kwamba bobini, kile kidude cha nyaya kinachopeleka umeme kwenye buji, plagi inayotoa cheche, imeungua. Asihofu lakini, atamtafutia nyingine Goma, ya kiwanda kilekile kilichotengeneza mashine. Védaste hakuuliza neno. Angemwulizaje mtu kama huyo?

Mashine iliporudi, iliwaka vizuri asubuhi. Ikishapata joto inazimika, ikipoa inawaka tena. Védaste alipolalamika, Léonard alicheka, akamwambia mashine haina kosa, ni yeye asiyejua kuipumzisha. Védaste akaamini, akaona haya.

Kisha ikaja siku ya kuangusha mti mkubwa pamoja na Michel, mwenzake wa kazi. Tronsoneze ikazimika katikati ya shina. Védaste akavuta kamba mpaka mkono ukafa ganzi, wapi. Wakaamua kumalizia kwa shoka. Mti ukapasuka kabla ya wakati, ukageukia upande wao na kumvunja Michel mguu. Léonard alikuwa miongoni mwa waliomchukua kwa machela hadi hospitali ya Mweso, na njia nzima alikuwa akimtuliza Védaste. Généreuse, mke wa Michel, hakumtuliza. Alimwambia mbele ya watu kwamba kiburi cha mashine ndicho kilichomlemaza mume wake.

Maneno hayo yakamkosesha raha. Akabeba mashine yake hadi kwa Léonard ailinganishe na ya fundi mwenyewe, iliyokuwa ya aina ileile. Léonard alikuwa ametoka, mkewe akamruhusu. Alipofungua kifuniko cha tronsoneze ya Léonard, akakuta bobini yenye waya uliozungushiwa kipande cha mpira wa baiskeli. Mpira ule aliufunga yeye mwenyewe zamani, waya ulipochubuka. Haikuwa imeungua hata kidogo. Akafungua na yake: humo mlikuwa na bobini bandia, nyepesi, ganda limepasuka kwa joto.

Akaichomoa ile ya asili, akakaa kumngoja. Léonard alipoingia na kuona kilichokuwa mkononi mwa rafiki yake, akaketi taratibu.

“Yangu ilikufa, kaka,” akasema. “Za kweli hazifikaka tena huku. Wewe uko na shamba ya maharagi. Mimi niko na hii mashine tu.”

“Ungeniomba, tungetafuta njia,” Védaste akamjibu. “Ulimubeba Michel na mikono yako, na ulikuwa unajua.”

Akaifunga bobini ile kwenye mashine yake, akatoka.

Védaste akaenda moja kwa moja kwa Généreuse, akamweleza yote. Mama yule alimsikiliza hadi mwisho, halafu akamwuliza kwa nini hakuipeleka mashine kwa fundi mwingine ilipozimika mara ya kwanza.

Mashine ilinguruma tena kama zamani, na Michel akawa anatembea kwa mkongojo. Colette aliendelea kwenda kumsalimu Léonard, baba yake wa ubatizo. Védaste hakumkataza, ila mtoto akirudi, hakumwuliza habari za huko.