Michembe Chini ya Gari

Nyumba yetu pale Kalangalala haikuwa na ua wa maana. Mama alianikia michembe ng'ambo ya mtaro, kwenye majani ya kando ya barabara: viazi vitamu vilivyomenywa, vikakatwa vipande vyembamba na kutandazwa juu ya magunia mpaka vikauke. Hicho ndicho kilichokuwa chakula chetu cha miezi ya njaa, na mwaka ule mahindi yalikuwa yameungua na jua shambani.

Magari nayo yalikuwa yameshanichosha. Wanunuzi wa dhahabu walijaa mjini, na kila mwenye Land Rover aliipandisha juu ya majani kana kwamba barabarani hapasimamiki. Sisi wa miguu tukasukumwa katikati ya njia, tukapigiwa honi na walewale waliotunyima pa kupita. Nilikasirika kila asubuhi, mpaka hasira yenyewe ikanichosha.

Mama naye akanimalizia. Dereva wa kwanza kusimama mbele ya mlango wetu alipelekewa kigoda na maji ya kunywa. Kwa mama, Msukuma wa kijijini, aliyesimama mlangoni pako ni mgeni, na mgeni hafukuzwi. Basi yule bwana akawa anapaki hapo kila siku. Mama akiliona gari linakuja, anavuta magunia pembeni haraka haraka, kisha anamkaribisha.

"Mama, si umwambie asogee?"

"Nimfukuze mtu nyumbani kwangu?"

Jumapili moja tulirudi kanisani tukakuta gari limesimama juu ya magunia, dereva hayupo, dizeli inadondoka taratibu. Mama aliokota michembe kipande kimoja kimoja, akaiosha, akaianika upya. Harufu haikutoka. Kuitupa hatukuweza.

Njaa ilipofika tuliila hivyo hivyo, na karanga juu yake, nazo hazikuua harufu. Mchana mmoja dereva alitukuta tunakula. Mama alimkaribisha, akamsogezea sahani yake mwenyewe, akasema ameshashiba. Hakuwa ameshiba.

Yule bwana alikula mpaka mwisho, akafuta mdomo.

"Asante, mayu. Ila michembe yako inanuka mafuta. Huwa mnaanikia wapi?"

Nilifungua mdomo nimpe lake. Mama alinitazama mara moja tu. Kisha akamgeukia mgeni wake, akamwomba radhi.