Jina Lisiloitwa Adhuhuri

Nilipokuwa mtoto kule Ujiji, sikuliogopa ziwa usiku. Nililiogopa adhuhuri, jua likiwa utosini, kwa kuwa tuliambiwa ndiyo saa pepo wa maji anapotoka kutafuta watu. Ukimkuta mtu kando ya maji saa ile, usimwite jina. Pepo akilisikia atalitumia kumwita, naye hatarudi tena.

Shangazi yangu Mwamini, dada mdogo wa baba, alikuwa msichana wa kuolewa, lakini akili yake ilibaki ya mtoto kama mimi. Maneno yalimjia polepole. Alianika dagaa mchangani pamoja na bibi, mama yake, na kwa kufukuza kunguru hakuwa na mpinzani.

Bibi alipofariki, wakubwa walikata shauri Mwamini asiambiwe.

"Hataelewa," alisema baba.

Wakampeleka kwa ndugu zetu waliokaa mtaa wa Gungu, wakazika, kisha wakamrudisha na kumwambia kwamba mama yake amevuka kwenda Kongo. Kwetu uongo huo ulikuwa mwepesi, maana karibu kila nyumba ilikuwa na mtu ng'ambo.

Basi Mwamini akaanza kungoja. Aliacha kula, akaacha kuoga, akashinda ukingoni akiitazama milima ya Kongo, mara anacheka, mara analia. Majirani wakanong'ona kwamba ameshachukuliwa na pepo. Tukakatazwa kula naye sahani moja. Nilimpenda mno shangazi yangu, na bado akinishika mkono nilitetemeka.

Adhuhuri moja aliinuka, akaingia majini. Maji yakamfika magotini, kisha kiunoni. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa waliziba vinywa. Baba alikuwapo, balozi wa nyumba kumi, ambaye hakuna mkutano aliokosa kuhubiri kwamba ushirikina unauchelewesha Ujamaa. Midomo yake ilicheza, sauti haikutoka. Hakuna aliyethubutu kumwita jina wala kumfuata. Maji yakamfika kifuani.

Nikapiga ukelele. "Shangazi Mwamini! Bibi hayuko Kongo! Bibi amekufa!"

Mama alinizaba kofi la mdomo. Lakini Mwamini alisimama, akageuka.

"Amekufa?"

"Amekufa, shangazi. Kaburi lake liko Rusimbi."

Alitoka majini taratibu, kanga imemganda mwilini, akampita baba bila kumtazama. "Nipeleke," aliniambia.

Tulikwenda naye, baba akifuata nyuma. Pale kaburini Mwamini alikaa chini, akalisawazisha lile tuta la udongo kwa kiganja, vile vile alivyokuwa akisambaza dagaa.

"Kumbe hakunikimbia," alisema.

Ndipo akalia, na baba akalia naye.

Hakupona siku ile. Huzuni ilimrudia miaka yote, ila sasa ikimjia tulikaa naye, tukazungumza habari za bibi mpaka akakubali kula. Leo kuna waganga wa hospitali wanaojua kwamba mtu mwenye akili ya namna ile huugua kwa huzuni sawasawa na mimi na wewe. Wakati ule tulikuwa na pepo tu, na pepo alitufaa, kwa sababu hakutudai ukweli. Inaniuma mpaka sasa kwamba tulikuwa tayari kumwacha azame kwa adabu.

Nimezeeka, na bado nikifika ziwani adhuhuri moyo hunidunda. Lakini nikimwona mtu ninayemjua amekaa peke yake ukingoni, namwita jina, kwa sauti, huku natetemeka.