Mwanya Niliouziba

Sikuwa mpiga picha mbaya, na hilo ndilo lililoniponza. Mwaka wa pili wa masomo hapa Kolwezi nilikuwa na kamera ya kuazima, kompyuta yenye betri iliyochoka, na kichwa kilichovimba. Video za kwenye simu zilikuwa zimenifundisha kufuta chunusi, kung'arisha macho na kupunguza mashavu yaliyozidi. Wenzangu darasani walinipangia foleni niwatengeneze. Nikaanza kuamini kwamba Mungu huumba nusu tu, mimi ndiye ninayemalizia.

Mwalimu wetu alitaka kila mmoja alete picha za sura za watu kwa ajili ya mtihani. Nikachagua Musonoi, mtaa wa wachimba madini, kwa sababu niliona watu wa mashimoni wana sura zitakazonipa alama. Nilipanda taxi-moto, pikipiki ya abiria, nikashukia kwa mama mmoja aliyekuwa akiwauzia wachimbaji bukari, ugali wetu wa huku, na samaki kando ya njia. Nilikula kwake mara kadhaa kabla sijathubutu kutoa kamera. Kumbe yeye mwenyewe alikuwa na shida ya picha.

Mama yake mzazi alikuwa Musumba, kule Kapanga, ambako mvua ikinyesha lori hukaa matopeni mpaka dereva apate wakwe. Hawakuwa wameonana kwa miaka mingi. Sasa uvumi ulikuwa umefika huko kwamba shimo moja la Musonoi limeporomoka, limefukia watu, na wauza chakula wamo. Mzee huyo, mama yake, akagoma kula. Ndugu yake, mjomba wa yule mama, akamwambia binti yako ni mzima, lakini wapi. Kwetu kifo hakitupwi usoni pa mzee. Ataambiwa kwanza mtu anaumwa kidogo, kisha hali si nzuri sana, na kumbe wenzake wameshazika. Kwa hiyo kila walivyozidi kumhakikishia kwamba binti yake ni mzima, ndivyo alivyozidi kuamini kwamba amekufa. Simu haikusaidia, maana masikio yake yalikuwa mazito na kila sauti kwake ilikuwa sauti ya mwanamke fulani tu. Macho ndiyo yalikuwa bado yake. Akaomba picha.

"Akiniona na macho yake, atakula," yule mama aliniambia.

Jumapili baada ya misa alikuja amevaa kitenge kipya. Nilitundika shuka ukutani, nikamkalisha mbele yake. Alikaa mkavu kama mtu anayengoja sindano. Nikamwambia kwamba siku atakayorudi Musumba mimi nitakufa njaa, na watamshitaki yeye. Akacheka, nikabonyeza. Katikati ya meno yake ya mbele kulikuwa na mwanya, mpana, mzuri. Na hapa niseme wazi, nisije nikajitafutia pa kujificha: nimekulia mahali ambapo msichana mwenye mwanya husifiwa mpaka achoke. Hakuna wa kuniambia kwamba sikujua.

Umeme uliporudi nikaketi kwenye kompyuta. Nilianza na vumbi la paji la uso. Nikafuta kovu dogo la mafuta ya moto kidevuni. Nikaipandisha ngozi yake mwanga, kwanza kidogo, kisha zaidi ya kidogo. Halafu nikafika mdomoni. Video ilisema kwamba jicho la mtazamaji hunasa kwenye kitu chochote cheusi kilicho katikati ya uso, na mwanya, ukiutazama kwa ukaidi wa mwanafunzi, ni kitu cheusi. Nikamega kipande cha jino, nikakibandika penye mwanya. Kilikaa vizuri hata nikajipigia makofi. Nikahifadhi picha mpya juu ya ile ya kwanza, nikafuta kadi ya kamera ipate nafasi ya harusi ya Jumamosi. Sura yake ya kweli haikubaki popote tena, isipokuwa usoni pake.

Nilimpelekea picha siku ambayo lori la mfanyabiashara wa Kapanga lilikuwa likipakia. Aliishika kwa ncha za vidole, kwa sababu mikono yake ilikuwa na unga. Aliitazama kwa muda mrefu. Nikaona ulimi wake ukipita ndani ya mdomo, ukitafuta meno.

"Ni mi uyu?" aliuliza. Kisha akauliza kama sina ile nyingine, ile yenye kuwa yeye.

Kamera ilikuwa imening'inia shingoni mwangu. Ningesema tu kwamba nimeharibu, tungepiga nyingine palepale, dereva akiendelea kufunga kamba zake. Lakini nilikuwa najivunia lile jino. Nikamwambia kwamba ni mwanga, mama, taa ya kamera huziba meno, kwenye karatasi ndivyo inavyotoka kwa kila mtu. Nikaongeza kwamba mzee atafurahi kumwona bado kijana. Aliniamini kwa sababu mimi ndiye niliyesoma. Picha ikafungwa kwenye plastiki, ikapanda lori.

Mvua zilikuwa zimekolea mjomba alipompigia yule mama simu. Mzee aliichukua picha akaipeleka mlangoni penye mwanga. Aliitazama, akaiweka chini. Akasema wametafuta mwanamke anayefanana na mtoto wake ili wamnyamazishe. Mtoto wake ana mwanya, yeye ndiye aliyempa, naye alipewa na mama yake. Basi ni kweli amekufa. Akanyoa nywele, akaketi chini kwenye udongo, na hakuna aliyeweza kumwinua.

Yule mama alifunga biashara yake akaanza kudandia malori. Hakunitukana kabla ya kuondoka. Alikuja tu kuniaga, akasema anaenda kujionyesha. Ningependa anitukane.

Mimi, huku nyuma, niliipeleka picha ileile kwenye mtihani. Sikuwa na nyingine nzuri kama hiyo, ndivyo nilivyojiambia. Mwalimu aliionyesha darasa zima, akasifu tabasamu, akasema tazameni meno haya yalivyopangika. Nilipata alama ya juu kuliko wote. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na alama nikaichukua. Nikaacha kwenda Musonoi. Namba nisiyoijua ikipiga simu, sikupokea, nikidhani nitaambiwa kwamba mzee amekufa njaa kwa ajili ya kipande cha jino. Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu hayakungoja hata nioe.

Kisha siku moja yule mama akaniita. Nilimkuta kwenye sufuria yake, amekonda, miguu imepasuka, lakini yuko. Alinipa kiti, akanisimulia. Alipofika, mzee alikataa hata kumtazama. Ilibidi apige magoti udongoni na kufungua mdomo. Mzee akaingiza kidole, akaupapasa mwanya, akaupapasa tena, ndipo akalia. Jioni alikula bukari nzima. Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeibeba tangu mvua za kwanza, na nilikuwa karibu kumshukuru Mungu kwa sauti, ila yeye alikuwa hajamaliza. Alisema kwamba mzee, alipokwisha kula na kunawa, alimuuliza ni nani aliyemwambia kwamba meno yake ni mabaya.

"Shikumuambia kama ni weye," alisema, akikoroga sufuria bila kuniangalia. "Weye uko mutoto ya masomo, na laana ya muzee haiko kitu ya kucheza. Nilimuambia kama ni mi njo niliomba ufunge mwanya. Juu nilisikia haya."

Nikamuuliza mzee alijibu nini. Mzee, aliniambia, alisogeza kuni motoni. Halafu akasema hakujua kwamba alimpa mtoto wake kitu cha kuonea haya. Tangu hapo mzee akawa akicheka amefunika mdomo kwa kiganja, hata mbele ya wajukuu. Waliagana hivyo.

Nikasema nampigia mjomba sasa hivi, namweleza ukweli wote. Tayari nilikuwa na simu mkononi. Akanishika mkono. Mzee ameshadanganywa sana katika jambo hili, alisema, na mtu mmoja tu anayemwamini bado ni binti yake. Akisikia kwamba na huyo pia alimdanganya, atamwamini nani?

"Acha," alisema.

Nikarudisha simu mfukoni. Kisha akainama chini ya meza, akatoa mfuko wa karanga, zimebanguliwa na kuchambuliwa moja moja. Zilikuwa zangu, zimetoka Musumba. Mzee alizichambua mwenyewe, akizitamkia baraka, akaagiza zimfikie yule mtoto wa picha. Alisema mtoto huyo hana kosa, alifanya alivyoombwa, na bila picha yake binti asingerudi nyumbani.

"Pokea," yule mama alisema.

Nikapokea kwa mikono miwili, nikasema aksanti.