Lori Langu Kwenye Mkungu wa Ndizi

Mimi mwenye cheti cha shule ya jioni nilijiona nimemzidi akili tajiri wangu. Alifunga kwenye lori kifaa kinachomwonyesha kwa simu nilipo na mwendo wangu, akaapa kuwa nikichepuka tena kwa wakwe, sina kazi.

Nikitoka Muyinga kurudi Gitega kwa tajiri, nikachepuka Bugendana kwa baba mkwe. Kifaa nilikichomoa, nikakificha kwenye mkungu wa ndizi, juu ya baiskeli iliyokuwa ikienda Gitega.

Tajiri akapiga simu: "Bravo, leo unaenda polepole!"

"Usalama kwanza, patron."

Baadaye akapiga tena. "Uko wapi?"

"Naingia mjini, patron."

"Eh bon? Madamu amenunua ndizi, lori iko mu jikoni kwangu. Kuya hapa uitoe mbele ya kupikwa!"