Wino kwenye Lebo za Mama Vyura

Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii tembo kunywa maji. Basi wahenga hao hawakuwahi kuishi na mke wangu. Humu ndani chura akitajwa tu, chai inapoa, redio inazimwa, na mimi naambiwa niondoe viatu vya watu mezani. Mtaa mzima unamwita Mama Vyura. Mimi ni fundi viatu, nina kibanda changu hapo mbele ya nyumba, na wale wanaojitia kuniita Baba Vyura wajue kwamba viatu vyao ndivyo vinavyochelewa.

Kazi yake iko makumbusho, kwenye ghala la chini, ambako rafu zimejaa chupa za vyura na mijusi waliolowekwa kwenye spiriti. Aliingia pale akiwa msichana wa kuosha chupa. Vyeti hana. Lakini miaka thelathini na mmoja ya kuosha, kupanga na kufunga lebo ilimpa jicho, mpaka wasomi wenyewe wakawa wanashuka ngazi kumuuliza, "Mama, hebu mtazame huyu, ni nani?" Naye huwaambia. Kisha wao huenda kuandika, na majina yao hutoka kwenye majarida. La kwake halikutoka hata siku moja. Nilidhani hilo linaniuma mimi peke yangu, maana yeye hakuwahi kulisema.

Sasa mwaka huu, mwezi mmoja kabla hajastaafu, mlinzi wa msitu wa mlimani alimletea vikopo saba vyenye majani mabichi. Katika kila kikopo chura mmoja, hakuna aliyezidi kidole gumba changu. Alikuwa amewaokota kwa siku mbili, mmoja huku, mwingine kule, mabonde tofauti.

"Ni watoto tu, mama," mlinzi alimwambia. "Wakubwa wao sikuwaona."

Mke wangu akamweka mmoja kiganjani, akamgeuza. Ngozi ya tumbo ilikuwa nyembamba, na ndani yake kulikuwa na kitu kinacheza. Alikaa akimtazama mpaka shingo ikamuuma. Watoto gani hao wenye mimba? Yule hakuwa mtoto, alikuwa mama mtu mzima, tena tumboni mna vyura kamili wenye miguu minne, si mayai. Mkuu wa kitengo chake, kijana wa umri wa mwanetu, akaja na vitabu vyake vyote, wakatafuta siku nzima. Chura yule hayumo. Mkuu akamwambia, "Mama, huyu mwandike wewe. Jina lako litatangulia, langu litafuata."

Alirudi nyumbani siku hiyo akazunguka meza mara tatu bila kuvua viatu. Nikamuuliza kuna nini. Akalia. Ndipo nilipojua kwamba miaka yote hiyo lilikuwa likimuuma na yeye.

Hapa nieleze jambo ambalo kazini kwake lilikuwa siri. Tangu mwaka jana mkono wake wa kulia unatetemeka. Kushika chupa anashika, kupima anapima akiegemeza kiwiko, ila kuandika herufi ndogo hawezi tena. Aliogopa wakijua watamtoa ghalani wamweke mlangoni kukata tiketi. Kwa hiyo lebo nilikuwa naandika mimi. Anakuja na vipande vyake vya karatasi nene, visivyozidi upana wa kidole, anataja, mimi naandika, kisha napitisha uzi na kufunga kitanzi. Yeye kesho yake humvisha chura mguuni. Mkono wangu umezoea ngozi na soli, kwa hiyo kila siku ilikuwa ugomvi uleule.

"Usibonyeze, mzee! Unaandika au unatoboa?"

"Naandika."

"Karatasi imetokeza upande wa pili! Taratibu basi."

Na siku ya kwanza kabisa alinipa sheria moja tu: penseli. Wino hapana. Sikumuuliza kwa nini. Nilidhani ni ubahili wa ofisi.

Jioni ya wale vyura saba yeye alikuwa jikoni anapika, anataja kwa sauti, mimi niko mezani. Kila lebo ilikuwa na mengi: bonde gani, urefu gani wa mlima, kando ya mto au juu ya jani, na rangi ya chura akiwa hai, maana kwenye spiriti rangi huondoka, wote wanabaki kijivu. Kwenye lebo ya pili penseli ikavunjika. Kichongeo sikukiona. Kalamu yangu ya wino, ile ninayoandikia majina ya wateja chini ya viatu, ilikuwa sikioni. Nikasema ah, maandishi ni maandishi. Hata yale niliyokwisha kuandika kwa penseli nikayafuta, nikayaandika upya kwa wino ili zifanane, nikajiona fundi kweli. Mke wangu asubuhi alizivisha bila kushtuka, kwa sababu penseli yangu nayo, nilivyozoea kuigandamiza, ilikuwa nyeusi tititi.

Wiki nzima nyumba haikukalika. Alikuwa anakumbuka kichwani alivyowaona kabla hawajatiwa chupani, anataja kwa sauti, mimi naandika kwenye daftari. "Kichwa kipana kuliko urefu wake. Ncha za vidole bapa. Ngoma ya sikio hana."

"Chura hana sikio?"

"Hana. Kama wewe."

Anakaa, anainuka. Anafungua dirisha, analifunga. Kulikuwa na sababu: watu wa makumbusho nyingine walikuwa wameandika barua kwamba nao wameokota vyura kwenye milima ileile. Anayetangulia kuchapisha ndiye anayempa chura jina. Mkuu alitaka kurasa zote ziwe mezani kwake Ijumaa.

Jumanne alirudi mapema. Nilikuwa kibandani na kiatu cha mwalimu mmoja, mguu wa kushoto. Akapita bila salamu. Nikamfuata ndani. Alikuwa amepanga vipande saba vya karatasi mezani, vyeupe pe, kama vimetoka dukani.

"Nimefungua chupa leo niwapime," alisema. "Angalia."

Nikasema kijinga, "Labda ni upande wa nyuma."

"Upande wa nyuma ni namba zangu za leo." Kweli, alikuwa amemweka kila chura chupa yake yenye namba, na nyuma ya kila lebo akaandika namba hiyo kwa penseli kwa mkono wake wenyewe, imepinda pinda. "Wote saba wanafanana. Nani katoka bonde lipi sijui. Mlinzi nimempigia simu, anakumbuka mabonde, vyura hawakumbuki. Inawezekana ni aina moja, inawezekana ni mbili. Nitaandika nini? Chura asiye na mahali hakubaliki popote." Kisha akanitazama. "Spiriti hufuta wino, penseli haiigusi. Ulitumia nini kuandika?"

Jamani, mimi ni mtu mzima. Nina mvi. Nikamwambia, "Penseli."

"Nilijua," akasema. "Wewe huwezi kunifanyia hivyo. Basi ni spiriti. Wametuletea spiriti mbaya."

Na hapo ndipo mateso yangu yalipoanza. Jumatano alianza kufungua chupa za ghala moja baada ya nyingine, akihofia kwamba spiriti mpya inakula maandishi yote, kazi ya watu wa miaka mia. Alirudi vidole vimekauka vinapasuka. Alhamisi alitoka kabla sijaamka. Mimi kibandani nikawa nashika kiatu, nakiweka, nashika kingine. Mwalimu akaja, akakuta kiatu chake cha kushoto nimekitia kisigino cha kiatu cha mtu mwingine. "Fundi, unaumwa?" Nikamjibu vibaya, na hakuwa na kosa lolote. Niliingia ndani, nikatoka. Nikavitazama vile vipande vyeupe mezani, nikavifunika na gazeti, nikalifunua. Njia ya mwongo ni fupi, walisema, lakini mbona kwa siku hizo mbili niliiona ndefu!

Alhamisi hiyo mchana alirudi, akajibwaga kwenye kiti. "Mkuu anamwita yule wa stoo aliyenunua spiriti," akasema. "Atapewa barua ya kuachishwa kazi. Ana watoto wadogo, masikini."

Hapo sikuweza tena.

"Mke wangu, ni mimi. Penseli ilivunjika, nikatumia kalamu. Spiriti haina kosa."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alinitazama, kisha akaitazama mikono yake iliyopasuka, akaificha ndani ya khanga.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Nimefungua chupa mia nne, baba watoto. Mia nne. Nilitaka kimoja tu. Kimoja. Nitoke pale nikiwa nimeacha kitu kimoja chenye jina langu. Na mkono wenyewe ulinikataa, nikasema sawa, mume wangu ni mkono wangu."

Maji yakimwagika hayazoleki. Nilikaa upande wa pili wa meza, na kwa vile mikono yangu haijui kutulia, nikaanza kukisugua kipande kimoja cha karatasi kwa kidole gumba, huku na huku, namna ninavyopapasa ngozi nikitafuta mshono wa zamani uliong'olewa. Mara nikasimamisha kidole. Nikarudia. Karatasi haikuwa laini.

"Lete tochi," nikamwambia.

"Niache."

"Mama, lete tochi, nakuomba!"

Nilifunga dirisha, nikavuta pazia, nikailaza tochi juu ya meza ubavuni mwa kile kipande, mwanga upite kwa chini. Na zikatokea. Wino ulikuwa umekwenda, ila mifereji ya kalamu ilibaki ndani ya karatasi nene, herufi kwa herufi, kivuli kwa kivuli. Nilisoma mwandiko wangu mwenyewe kwa shida kama mtoto wa darasa la kwanza: "Bonde la... juu. Juu ya... jani la... gugu. Tumbo rangi ya chungwa."

Alinipokonya kipande akakiinamia mpaka pua ikagusa meza. "Soma tena." Nikasoma tena. "Cha pili!" Nikasoma cha pili. Cha nne kilitusumbua sana, tukakigeuza pande zote. Mwisho wa hicho cha nne nilikuwa nimeandika: "Kando ya mto, ulishaweka chumvi." Alikuwa amenisemesha kutoka jikoni kuhusu mchuzi, nami nikaandika kila nilichosikia. Akacheka. Alicheka huku machozi yakimtoka, akanipiga begani, tena si kwa utani, alinipiga kweli. "Mungu wangu, mwanaume wewe!" Tulimaliza vyote saba kabla jua halijazama. Wanne wa bonde la juu, wote tumbo la chungwa. Watatu wa chini, tumbo kijivu, naye akasema hao waachwe kwanza, huenda ni aina nyingine.

Ijumaa alipeleka kurasa. Aliniambia nimsindikize, nikajua naenda kusulubiwa. Mbele ya Mkuu alisema yote bila kupunguza: mkono wangu unatetemeka tangu mwaka jana, lebo anaandika mume wangu, wino ni wake, mwenye stoo asiguswe. Mimi nilikuwa natazama viatu vya Mkuu. Soli ilikuwa imeachia kwa mbele.

Mkuu akauliza, "Mama, na macho yako je?"

"Macho yangu ni mazima."

"Basi mimi nilihitaji macho." Akazitia sahihi kurasa. Jina la mke wangu lilikuwa juu.

Tukashuka ghalani. Kumbe bado kulikuwa na kazi moja. Katika wale wanne, mmoja huchaguliwa kuwa chura wa mfano. Kila atakayeuliza aina hii ikoje, ataletwa kutazama huyo, leo na miaka mia ijayo. Huyo huvishwa lebo nyekundu. Mke wangu alimchagua jike mwenye mimba, akamlaza kwenye sahani. Kisha akachukua kipande chekundu na penseli iliyochongwa, akavisukuma mbele yangu.

"Mwite mtu wa hapa aandike," nikamwambia. "Mimi nimeshakuaibisha vya kutosha."

"Andika."

Nikashika penseli kwa ncha za vidole, taratibu, nikaanza kuchora herufi ya kwanza ya jina la mke wangu, nyembamba, haionekani vizuri. Akauweka mkono wake juu ya wangu, ule unaotetemeka.

"Bonyeza," akasema. "Bonyeza, mzee, kama siku zote."